Simu Ikome Kukusumbua: Hatua kwa Hatua kwa Watu wa Amu (Lamu)

Maswali ni yale yale kila wiki. Nitatokaje kwenye grupu la harusi iliyokwisha tangu mfungo sita, na shangazi asinune? Hizi meseji za bahati nasibu zinakomeshwa vipi? Aliyekopa ni binamu yangu, kwa nini mkopeshaji ananipigia mimi? Na nikiinyamazisha simu usiku, mwanangu aliye Mombasa akipata shida nitamsikiaje?

Nimeyaweka majibu pamoja ili mtu aanze mwanzo amalize mwisho, bila kuruka. Nimemwandikia mwenye simu ya Android ya kawaida na laini ya Safaricom, kwa sababu wengi wanaouliza ndivyo walivyo. iPhone na laini nyingine nitazitaja pale zinapoachana.

Simu inapotoka dukani imepangwa imruhusu kila mtu: duka, tapeli, kampuni ya kamari, mtu usiyemjua anayekutia kwenye grupu usilolijua. Ni nyumba ambayo milango yote imeachwa wazi. Tutafunga mmoja baada ya mwingine, lakini kwanza tutahakikisha watu wetu wanaweza kuingia. Wengi huanza kwa kufunga, halafu wanakosa habari ya msiba. Huku kwetu mtu akifariki usiku, mara nyingi asubuhi anazikwa, na maziko hayamngoji mwenye simu iliyozimwa sauti. Kwa hivyo fuata utaratibu huu kama ulivyo.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi utasahau ulipofika.
- Bando dogo au waifai, kwa hatua za WhatsApp tu.
- Karatasi na kalamu.
- Namba yako ya siri ya kufungulia simu, kichwani mwako.
- Nusu saa ya utulivu. Baada ya Isha ni wakati mzuri. Usiifanye ukiwa kwenye boti au ukimhudumia mteja.

Kama simu ina laini mbili, kumbuka kwamba hatua ya 3 na ya 4 zitafanywa kwa kila laini peke yake.

Onyo moja kabla hujaendelea: kazi hii ifanye mwenyewe, au mbele ya mtoto wako unayemwamini. Usimwachie fundi wa simu kifaa kilichofunguliwa ukaenda zako sokoni. Hakuna hatua hata moja humu inayohitaji PIN ya M-PESA, na mtu yeyote atakayekuomba PIN kwa kisingizio cha kukuondolea meseji, mnyang'anye simu yako.

Hatua ya 1. Andika majina ya watu wa lazima, kisha wape nyota

Chukua karatasi uandike majina ya watu ambao wakikupigia saa nane za usiku ungetaka kuamka. Mke au mume, wazazi, watoto walio mbali, jirani wa ukuta kwa ukuta, na mtu mmoja wa ukoo ambaye habari zote hupitia kwake. Kila ukoo una mtu huyo. Kama wewe ni baharia, mtie nahodha. Kama una mgonjwa nyumbani, mtie daktari au muuguzi unayemtegemea.

Orodha isizidi watu kumi na mbili hivi. Nimeona orodha za watu hamsini, na mwenye nayo akabaki analalamika kwamba simu hailali.

Sasa fungua orodha ya majina kwenye simu, gusa jina la kwanza, utafute alama ya nyota juu ya ukurasa uiguse. Fanya hivyo kwa kila jina lililo kwenye karatasi. Mtu akiwa na namba mbili, hakikisha zote ziko chini ya jina moja. Usiwe na "Ami Mokowe" na "Ami Mokowe mpya", halafu nyota ukampa mmoja.

Hatua ya 2. Weka "Usinisumbue" kwa ratiba

1. Ingia kwenye mipangilio ya simu (alama ya gurudumu lenye meno), tafuta sehemu ya sauti, halafu "Usinisumbue". Kwenye baadhi ya simu imekaa peke yake au pamoja na arifa. Alama yake huwa ni mwezi mwandamo au duara lenye mstari katikati.
2. Fungua sehemu ya simu zinazoruhusiwa. Chagua wenye nyota peke yao.
3. Washa chaguo la mpigaji anayerudia. Mtu akipiga mara mbili ndani ya dakika chache, simu ya pili italia hata kama hana nyota. Hili ndilo linalomwokoa mtu anayepiga kwa simu ya kuazima.
4. Hakikisha kengele ya kuamkia imeruhusiwa, la sivyo utakosa daku.
5. Kama unatumia programu ya adhana, iruhusu kwenye orodha ya programu. Simu huihesabu kama arifa ya kawaida, na isiporuhusiwa itanyamaza pamoja na nyingine.
6. Weka ratiba ya usiku. Kisha ongeza ya pili, ya Ijumaa peke yake, kuanzia saa sita na robo mchana hadi saa saba na nusu. Simu inayolia imamu akiwa juu ya mimbari inawaudhi watu wote msikitini, na mwenyewe huwa wa kwanza kuona haya.

Kosa kubwa liko kwenye saa. Simu haihesabu kwa saa zetu. Saa nne usiku ni 22:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00, saa sita na robo mchana ni 12:15. Mtu akiandika 04:00 akidhani ni saa nne usiku, simu italia usiku kucha.

Jambo jingine: nyota hufanya kazi kwa simu ya kawaida. Usiitegemee kwa simu ya WhatsApp, kwa sababu hiyo ni programu na inaweza kunyamazishwa. Waambie watu wako wa lazima, kwa mdomo, kwamba likitokea jambo usiku wapige simu ya kawaida.

Hatua ya 3. Komesha meseji za matangazo

1. Bonyeza *456*9*5# kisha upige.
2. Menyu ikifunguka, isome yote kwanza. Tafuta chaguo la kusitisha meseji za matangazo, uandike namba yake na utume.
3. Subiri meseji ya uthibitisho. Usiifute siku hiyo hiyo.
4. Kama una laini ya pili ya Safaricom, rudia. Kwa Airtel, piga 100 uombe huduma kwa wateja wakuondolee.

Hapa watu hukwama kwa sababu hawatofautishi aina mbili za meseji. Ile inayokuja na jina la mtumaji, yaani jina la duka au la kampuni ya kamari badala ya namba, imetumwa kupitia mtandao wako wa simu na menyu hiyo inaishughulikia. Nyingi pia huwa zimeandikwa mwishoni namna ya kujiondoa. Ile inayokuja kutoka namba ya kawaida ya 07 au 01 haihusiki na menyu hiyo kabisa. Hiyo utaizuia: fungua meseji, gusa vidoti vitatu juu, chagua kuzuia namba.

Meseji ikiwa na kiungo cha kugusa kinachodai kukuondoa kwenye orodha, usikiguse. Ukigusa, mtumaji anajua kwamba namba ina mtu.

Hatua ya 4. Angalia unacholipia bila kujua

Kama salio linapungua na hujapiga simu, huenda kuna huduma uliyojiunga nayo zamani. Wimbo wa Skiza unaosikika kwa anayekupigia huangaliwa na kuondolewa kwa *811#. Kwa huduma nyingine za meseji za kulipia, kama zile za mistari ya mapenzi au matokeo ya mpira, piga 100 uulize wazi: "Laini yangu imejiunga na huduma zipi, na niondoeni zote." Usikubali kuachiwa moja.

Hatua ya 5. Uzuie kutiwa kwenye magrupu bila idhini

Fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu, ingia mipangilio, halafu faragha (alama ya kufuli). Shuka chini hadi sehemu ya magrupu. Utakuta chaguo la kwanza linamruhusu mtu yeyote akuongeze. Chagua la pili, watu ulionao kwenye orodha yako ya majina tu.

Asiyeruhusiwa akijaribu kukuongeza, ataambiwa akutumie mwaliko. Mwaliko huo hukaa siku tatu kisha unakufa wenyewe, kwa hivyo huna haja hata ya kuukataa. Acha tu upite.

Kuna chaguo la tatu, la kuwaondoa watu fulani. Binamu anayefungua grupu jipya kila mwezi, jina lake litie humo. Hataarifiwa kwamba umefanya hivyo.

Hatua ya 6. Magrupu uliyomo: nyamazisha, weka kando, au toka

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayoleta ugomvi ikifanywa vibaya. Pitia magrupu yako moja moja na uyagawe.

*Ya kunyamazisha tu.* Grupu la mtaa, la maziko, la msikiti, la chama cha wavuvi, la wazazi wa madrasa. Haya usitoke. Shikilia jina la grupu kwa kidole hadi alama zitokee juu, gusa kengele iliyokatwa, chagua "daima". Meseji zitaingia bila sauti, nawe utazisoma kwa wakati wako. Ukitajwa kwa jina inaweza bado kulia, na ni sawa, maana mtu amekuhitaji wewe.

*Ya kuweka kando.* Grupu la watu mliosoma pamoja, la picha za "asubuhi njema" na maua, la vichekesho. Lishikilie, gusa alama ya sanduku lenye mshale wa chini. Litaondoka machoni pako na kukaa kwenye kumbukumbu juu ya orodha. Halifutiki.

*Ya kutoka.* Grupu ambalo kazi yake imekwisha. Harusi imepita, mgonjwa amerudi kutoka hospitali, safari ya Pate imefanyika, na bado watu wanatumiana matangazo ya magodoro.

WhatsApp siku hizi humwarifu msimamizi wa grupu peke yake unapotoka. Haitangazi kwa wote. Hata hivyo, mtu yeyote akifungua ukurasa wa grupu anaweza kuona waliotoka ndani ya siku 60. Kwa hivyo kwa magrupu ya ukoo usitoke kimyakimya. Fanya hivi:

1. Kama kulikuwa na mchango ulioahidi, ulipe kwanza. Anayetoka na deni la mchango huzungumzwa, na ana haki ya kuzungumzwa.
2. Mwandikie aliyefungua grupu, faraghani, si ndani ya grupu. Kwa mfano: "Asalaam alaykum shangazi. Harusi yetu ilipita salama, alhamdulillahi. Simu yangu imejaa, naomba idhini nitoke kwenye grupu hili. Likija jambo nipigie, nipo."
3. Ngoja ajibu. Akisema "toka mwanangu", toka. Akisema "kaa kidogo", kaa, nyamazisha, na uulize tena baada ya wiki mbili.

Wenye magrupu nao wana lao. Dada au kaka uliyefungua grupu la harusi: hesabu ya michango ikishasomwa na shukrani zikishatolewa, lifunge. Na kama ni grupu la kutangaza mambo, mfano nyakati za boti au ratiba ya madrasa, ingia kwenye mipangilio ya grupu, sehemu ya ruhusa za kutuma meseji, uziache kwa wasimamizi peke yao. Mzazi anayetaka kujua kama kesho kuna masomo asilazimike kupekua meseji themanini za "ameen".

Hatua ya 7. Zuia picha na video zisijishushe

WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data. Utaona sehemu tatu za kujishusha kwa picha, sauti na video: unapotumia bando, unapotumia waifai, na ukiwa nje ya nchi. Fungua kila moja uondoe alama zote. Kuanzia hapo, picha itashuka ukiigusa tu, na bando litadumu.

Kisha nenda sehemu ya mazungumzo, uzime chaguo la kuonyesha picha za WhatsApp kwenye albamu ya simu. Hapo hapo kwenye hifadhi na data kuna ukurasa wa kusimamia nafasi, unaoonyesha video zilizo nzito na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza kufuta hizo. Usifute kwa papara. Picha za mtoto aliyezaliwa mwaka jana huenda zimo katikati ya hizo za matangazo.

Voisi ndefu haikomeshwi kwa kitufe, lakini huharakishwa. Ukiicheza, gusa ile alama ya 1x hadi ifike 1.5 au 2.

Hatua ya 8. Simu za wasiojulikana na matapeli

WhatsApp ina chaguo la kunyamazisha simu za wasiojulikana: mipangilio, faragha, simu. Kwa mama wa nyumbani au mzee, washa. Kwa mwenye nyumba ya wageni Shela, nahodha wa jahazi la watalii, au anayeuza kofia na mikeka kwa watu wa nje, usiiwashe. Wateja wako wa mara ya kwanza wote ni namba usizozijua, na wengi hupiga kwa WhatsApp.

iPhone nayo ina chaguo la kunyamazisha kila namba isiyo kwenye orodha, hata kwa simu za kawaida. Kwa mazingira yetu siipendekezi. Mzigo ukiletwa Mokowe, kule bandari ya bara, anayekupigia uje uupokee ni kijana wa boti ambaye hujawahi kuihifadhi namba yake.

Kwa matapeli, kariri haya:

- Safaricom hukupigia kutoka 0722 000 000 peke yake. Anayejiita wa Safaricom kutoka namba nyingine ni mwongo, hata akikutajia jina lako kamili.
- Meseji ya utapeli ipeleke kwa 333. Ifanye iwe mazoea, hata kama hukudanganyika.
- Bonyeza *100*100# kuizuia laini yako isibadilishwe kadi na mtu mwingine nyuma yako. Na *106# itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, iripoti.

Na ile ya "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie". Usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio lako la M-PESA kwenye menyu yenyewe. Usiamini meseji, kwa maana meseji ya kweli huja kwa jina la MPESA na haiji kutoka namba ya mtu. Kama kweli pesa zimeingia, mwambie kwa upole: "Bwana, peleka ile meseji yako kwa 456, watazirudisha wenyewe." Mtu mkweli atafanya hivyo. Tapeli ataanza kukupigia kelele, na hapo umejua.

Hatua ya 9. Mkopeshaji anayekupigia kwa deni la mwingine

Kero hii inaumiza kuliko zote, kwa sababu mtu anaaibishwa kwa pesa asizozigusa. Huwa hivi: binamu amechukua mkopo kwenye programu ya simu, programu ikaomba kuona orodha yake ya majina, akakubali bila kusoma. Alipochelewa kulipa, wakaanza kuwapigia waliomo kwenye orodha.

Jua kwamba hairuhusiwi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwatumia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji ili kumdai. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilimtoza mkopeshaji mmoja wa programu za simu faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kosa la namna hii.

1. Akipiga, uliza jina la kampuni na uliandike kwenye karatasi, pamoja na tarehe na saa.
2. Sema mara moja, bila matusi: "Mimi si mdhamini wa deni hilo. Namba yangu mmeipata bila idhini yangu. Iondoeni." Kata simu.
3. Akiendelea, piga picha ya skrini ya meseji na orodha ya simu zake, kisha upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data kupitia tovuti yao. Usizuie namba kabla ya kuhifadhi ushahidi huo.
4. Mwambie binamu aingie mipangilio ya simu yake, programu, achague hiyo ya mkopo, ruhusa, aikatalie orodha ya majina. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi, lakini mapya hayataonekana.

Zungumza naye peke yake. Usimwanike kwenye grupu la ukoo. Deni tayari limemfedhehesha.

Hatua ya 10. Kero zisizo na kitufe

Kuna mambo ambayo simu yako haiwezi kuyazuia kwa sababu yanatoka kwenye simu ya mtu mwingine. Hapa chombo chako ni ulimi, na namna ya kuutumia ni muhimu.

Kwenye boti ya Mokowe, abiria anacheza video kwa spika, na kwa ajili ya injini anaongeza sauti hadi mwisho. Usimtazame kwa jicho kali safari nzima ukitumaini ataelewa. Mwinamie useme: "Ami, samahani, nipunguzie sauti kidogo, mama huyu ana mtoto amelala." Ukitoa sababu inayomhusu mtu wa tatu, mwenye simu hapungukiwi na heshima yake, na hupunguza karibu kila mara. Kwa kijana mdogo kuliko wewe, "mwanangu" inatosha. Kwa mgeni, tabasamu na ishara ya mkono.

Anayepiga simu alfajiri kwa jambo la kesho kutwa, mjibu mchana: "Nilikuona umenipigia, nikahofia kuna msiba." Wengi hawajui kwamba simu ya saa hizo huushtua moyo wa mtu mwenye wazazi wazee. Wakijua huacha.

Anayekuomba umpigie kila siku kwa meseji ya *130*, au anayepiga kwa kuanza na alama ya # ili ulipe wewe, wekeaneni wakati: "Mimi nitakupigia kila Jumapili baada ya Asri." Wanafunzi walio bweni na vyuo wanaelewa mpango huo haraka.

Na kuna hili la picha za harusi. Kwenye kupamba na kutoa nje, sherehe za harusi za wanawake peke yao, wanawake wamejifungua nywele, wamejipamba, wako baina yao. Mmoja anapiga picha, anaitia kwenye stetasi, na kufikia asubuhi imezunguka hadi Faza na Kizingitini. Kuiita kero ndogo ni kuipunguza. Ni kuvunja sitara ya watu. Ukiona picha ya namna hiyo:

- Mpigie aliyeitia, usimwandikie. "Dada, futa ile picha sasa hivi, fulani hajasitirika." Neno "sasa hivi" lisikose.
- Kama ameituma kwenye grupu, anaweza kuifuta kwa wote ndani ya siku mbili hivi tangu aitume. Akikataa au hapatikani, msimamizi wa grupu ana uwezo wa kuufuta ujumbe wa mtu mwingine, mtafute yeye.
- Usiitume kwa mtu mwingine kwa nia ya kumwonyesha. Hata kwa mwenye picha, mweleze kwa maneno.

Wenye harusi, wekeni mtu mlangoni wa kukusanya simu au kuzibandika karatasi kwenye kamera, na mtangaze mapema ili mgeni asione amevunjiwa heshima.

Ikiwa mambo hayakukubali

*Matangazo bado yanaingia.* Angalia yanaingia kwa laini ipi. Huenda ulifanya moja tu. Angalia pia kama yanatoka kwa namba ya kawaida, ambayo inazuiwa mkononi. Yakiendelea kwa jina lile lile, piga 100 ulitaje jina hilo.

*Mtu mwenye nyota alipiga na simu haikulia.* Muulize alipiga kwa namba ipi, na kama ilikuwa WhatsApp. Kisha angalia sauti ya mlio yenyewe. "Usinisumbue" inampitisha mtu, lakini haiongezi sauti iliyoshushwa hadi sifuri.

*Simu imenyamaza mchana kutwa.* Rudi kwenye ratiba uangalie saa. Mara nyingi ni ile saa yetu na saa ya simu.

*Grupu uliloliweka kando linarudi kila meseji ikiingia.* WhatsApp, mipangilio, mazungumzo. Washa chaguo la kuyaacha yaliyohifadhiwa yabaki yalipo.

*Umemzuia mtu kwa bahati mbaya.* WhatsApp, faragha, orodha ya waliozuiwa. Kwa simu ya kawaida, fungua sehemu ya kupigia, vidoti vitatu, mipangilio, namba zilizozuiwa. Mtoe, kisha mpigie wewe kwanza.

*Simu ni ya bibi au babu, na haoni maandishi vizuri.* Fanya hatua ya 1, ya 3, ya 5 na ya 8 tu, ukiwa umekaa naye na kumweleza kila unapogusa. "Usinisumbue" usimwekee. Mtu mzima akikuta simu haikulia anadhani imeharibika, na kesho yake ataipeleka kwa fundi airudishe ilivyokuwa.

*Simu ni kabambe, haina WhatsApp.* *456*9*5#, *811#, *100*100# na kupeleka meseji kwa 333 vinafanya kazi vile vile. Kwa usiku, nyingi zina orodha ya kuzuia namba, lakini hazina nyota. Iache sauti, iweke chumba cha pili, na mlango uwe wazi.